Daftari la shule likiungua, mtoto apoteze darasa?

Mama mmoja aliyekimbia kutoka Masisi alifika kwa mkurugenzi wa shule ya msingi hapa Goma, mtoto mkononi. Akaulizwa: buletini iko wapi? Hakuwa nayo. Walitoka usiku, wakabeba sufuria na blanketi. Mtoto alikuwa darasa la tano, akawekwa la tatu.

Ni rahisi kumlaumu mkurugenzi. Lakini angeuliza wapi? Masomo ya mtoto huyo yaliandikwa mahali pamoja tu, kwenye daftari la shule waliyoiacha nyuma. Shule nyingi za kule zimelaliwa na askari, madawati yakawa kuni.

Kinshasa wanasema elimu inaingia kwenye mashine. Kweli, majina ya idara hayakosi: SIGE kwa takwimu, SERNIE kwa kutambulisha wanafunzi, na SECOPE ya mishahara ya walimu ikageuka DINACOPE. Lakini huku kwetu mkurugenzi bado anajaza fishi kwa kalamu na kuipeleka kwa pikipiki, au kwa miguu kama barabara imefungwa. Ikifika juu, kijiji kimeshahama. Kwenye karatasi watoto wako Masisi, na wenyewe wamebanana huku, watatu kwa kiti kimoja. Vitabu na mishahara vinafuata karatasi.

Walimu wanalijua jambo hili vizuri. Shule ya msingi ni bure tangu Septemba 2019, lakini NU, yaani walimu ambao majina yao hayajaingia kwenye orodha ya malipo, bado wanangojea. Mzazi anaambiwa bure, kisha anaombwa mchango. Hapo tusishangae.

Mimi sidai kompyuta kwa kila shule. Umeme wenyewe hatuna. Nadai kila mtoto apewe namba moja tangu darasa la kwanza, iandikwe kwenye buletini, asiibadilishe hata akihama mara nne. Na kila mwisho wa muhula, daftari lipigwe picha kwa simu, nakala ibaki mahali pengine, mbali na shule. Simu inaweza kungoja mtandao. Daftari lililoungua halingoji kitu.

Ila kuna jambo linaloniogopesha. Orodha ya watoto wakimbizi, pamoja na kijiji na kabila la wazazi, ikianguka mikononi mwa watu wabaya ni hatari kubwa. Jina, mwaka wa kuzaliwa, darasa na pointi vinatosha. Kabila, hapana.

Wakati tunangojea, wakurugenzi, mpeni mtoto mtihani mdogo wa hesabu na kusoma kabla ya kumrudisha nyuma. Asubuhi moja inatosha. Na nyinyi wazazi, buletini ikitoka, ipigeni picha siku ileile, mtumie shangazi au mjomba aliye mbali.

Yule mtoto wa Masisi, wiki iliyopita nilimkuta bado darasa la tatu. Alikuwa anawasahihishia wenzake hesabu.