Rejeta Kuukuu na Somo la Kemia

Land Rover kuukuu ikichemsha maji katika mwinuko wa Kitonga, mkoani Iringa, lawama hutupiwa mlima au uzee wa injini. Lawama hizo aghalabu hazitoshi. Mara nyingi mkosaji ni uchafu uliojengeka ndani ya rejeta, na elimu ya kuuondoa imo katika masomo ya sekondari.

Kimo cha nchi kina sehemu yake. Iringa iko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya kiasi cha mita 1,700. Huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 za sentigredi, si 100. Ndiyo sababu mfuniko wa rejeta una springi: huzuia mvuke, hukuza kanieneo, na hupandisha kiwango cha kuchemka. Lakini hata mfuniko mzima haufai kitu iwapo njia za maji zimeziba.

Chanzo cha kuziba huko chaonekana katika bonde la Songwe, magharibi ya mji wa Mbeya, ambako chemchemi za maji moto zimejenga miamba ya chokaa. Maji hubeba kalisiamu iliyoyeyuka kwa msaada wa kaboni dayoksaidi. Gesi ikitoka, chokaa huganda. Ndani ya injini, joto huifukuza gesi hiyo hiyo. Ukoko wa chokaa wenye unene wa milimita 1 huzuia joto kuliko chuma cha milimita 20. Aidha, chuma cha injini na shaba ya rejeta, vikiunganishwa na maji yenye chumvi, huwa kama betri: chuma huliwa, na kutu hushuka katika vijibomba.

Kwa hiyo, kuongeza maji ya mtoni kila safari ni kuongeza maradhi. Kung'oa themostati nako si tiba. Katika baridi ya Juni na Julai injini huchelewa kupata joto, hula mafuta, na huchakaa upesi.

Tiba ni kusafisha. Injini ipoe kwanza, kwani mfuniko ukifunguliwa kungali na moto mvuke huunguza. Maji machafu yatolewe kwa koki za rejeta na za injini, yakingwe katika chombo, kwani kulanti ni sumu kwa mifugo. Asidi hafifu ya sitriki, ile iliyomo katika limau, huyeyusha chokaa; magadi soda huondoa makali yanayobaki. Kisha maji safi yapitishwe kinyumenyume, kutoka chini kwenda juu, hadi yatoke meupe. Mwisho yatiwe maji ya mvua yaliyochujwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu.

Silinda hedi ikipinda, gari linalobeba wagonjwa au vitabu hulala gereji kwa miezi. Hasara hiyo yazuilika. Wanafunzi na wachemshe maji ya kisima, ya mto na ya mvua hadi yakauke, wapime masalia, kisha wayadondoshee limau na kutazama mapovu. Shule inayofanya hivyo, na kumwalika fundi aeleze kazi yake, itakuwa imeitoa kemia ubaoni na kuiweka barabarani.