INJINI YA GARI LA KUJITENGENEZEA

Lipo gari moja mjini kwetu Morogoro ambalo mpaka leo halijatembea hata hatua moja. Kijana mmoja wa gereji amelichomelea mwenyewe kwa mabomba ya mraba, akalivika bodi ya bati jepesi na viti viwili, nalo likatoka na umbo la kupendeza kabisa. Sasa ni mwaka wa pili liko chini ya mwembe. Kasoro yake ni moja, nayo iliingia siku ya kwanza: mwenyewe alinunua injini kabla ya kupima chasisi. Aliitaka injini ya silinda sita ya Mark II kwa sababu ya mlio wake. Ilipoletwa ikaonekana ni ndefu mno. Ukuta wa mbele ukakatwa, miguu ya dereva ikakosa mahali, na fedha zikaisha kabla ya kupatikana kompyuta ya kuiongoza injini hiyo.

Hatuyaandiki haya ili kumcheka, maana aliyethubutu ni bora kuliko sisi tuliosimama tukitazama. Wapo pia wanaouliza, gari la mashindano la nini katika mkoa ambao kabichi za Mgeta zinateremshwa kwa taabu kila masika? Jawabu letu ni kwamba fundi anayeweza kuihamisha injini kutoka mwili mmoja hadi mwingine, ikawaka na ikapoa inavyotakiwa, ndiye atakayetufungia injini kwenye mashine ya kusaga huko Matombo siku ile ya zamani itakapokufa. Ufundi ni ule ule.

Mwaka 1948 kule Gmünd, Austria, gari la kwanza lililoitwa Porsche 356 lilitembea kwa injini ya Volkswagen, gari la watu wa kawaida. Mwaka huo huo huko Uingereza, Colin Chapman alijenga gari lake la kwanza juu ya Austin Seven kuukuu. Na Toyota wenyewe walipotoa MR2 mwaka 1984, waliweka nyuma ya viti injini ya jamii ile ile ya Corolla, iliyokaa kwa kukingama. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeanza kwa kutafuta injini kubwa kuliko zote. Kila mmoja alianza na ile iliyokuwa karibu yake.

Iliyo karibu yetu sisi ni ipi? Mtu na asimame Msamvu nusu saa ahesabu magari. IST, Vitz, Probox na Spacio nyingi zinapita na injini ya 1NZ, ya sentimita za ujazo 1,496 na nguvu za farasi 109. Bloku yake ni ya alumini, nayo ni nyepesi. Injini ya silinda sita ya Mark II, yenye bloku ya chuma, hutoa hadi 160 katika aina yake ya kawaida ya lita mbili. Kijana husikia 160 akaacha kuhesabu. Lakini Mark II ina uzito wa kilo 1,400 hivi, kwa hiyo kila farasi mmoja anavuta karibu kilo tisa. Gari la viti viwili la kilo 600 likipewa ile injini ndogo, kila farasi atavuta kilo tano na nusu tu. Hesabu hii haihitaji chuo kikuu.

Mlima nao una haki yake. Kila mita 1,000 za kupanda huiondolea injini ya namna hii takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na Nyandira iko juu ya mita 1,500. Gari jepesi halitalisikia sana pengo hilo.

Sasa kazi yenyewe. Injini inunuliwe pamoja na giaboksi yake, shafti zake, nyaya zake zote, kompyuta yake na ufunguo wake, ikiwezekana kutoka gari lililogongwa nyuma ambalo bado linawaka. Anayenunua injini tupu atakuja kununua vilivyosalia kimoja kimoja kwa bei ya juu. Ihamishiwe nyuma ya viti kama ilivyo, bila kugeuzwa, kwani ikitazamishwa upande wa pili gari litakuwa na gia moja ya kwenda mbele na nyingine zote za kurudi kinyumenyume. Mikono ya usukani iliyokuwa kwenye magurudumu yake ifungwe imara kwenye chasisi, la sivyo magurudumu ya nyuma yatajichagulia njia. Redieta ibaki mbele, na bomba zake ndefu ziwe na mahali pa kutolea hewa palipo juu kuliko kwingine kote, maana hewa ikinaswa humo maji yatachemka kabla ya kufika Morning Side. Nyingi ya injini hizi ziliingia nchini na gia otomatiki. Vijana huzidharau, lakini kamba moja tu hutosha kuiongoza gia hiyo kutoka kiti cha mbele, na kwa gari la kwanza sisi tungeichukua hiyo.

Breki zipimwe upya, kwani uzito umehama kutoka mbele kwenda nyuma. Katika hili hatukubali haraka hata kidogo. Mteremko wa Mgeta umekwisha kutuzikia watu.

Tuliopita chuoni tukiwa wadogo tunakumbuka kuwa hakuna aliyepewa juzuu kabla ya kuijua alifu. Hata nchi nzima zimewahi kuruka alifu. Jirani zetu wa Kenya, kwa agizo la Rais Moi la mwaka 1986, walitaka kujenga gari lao wenyewe, Nyayo Pioneer. Mwaka 1990 magari ya majaribio yalionyeshwa, lakini uzalishaji wa kiwandani haukufika. Nasi hapa Morogoro tulikuwa na kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, mitambo mikubwa kuliko ngozi, vipuri na mafundi tuliokuwa nao. Hakikuwahi kukaribia uwezo wake, kikafungwa mwaka 1990.

Liko pia suala la karatasi. Kadi ya gari inayotolewa na Mamlaka ya Mapato huandikwa namba ya injini na namba ya chasisi. Injini iliyonunuliwa bila risiti na bila nakala ya kadi ya gari ilikotoka inaweza kumfikisha kijana mwaminifu kituo cha polisi. Tunawaomba wahusika wa mkoa, yaani usajili, trafiki na vyuo vya ufundi, wakae pamoja waandike kwa Kiswahili chepesi ni hatua zipi mjenzi wa gari moja azifuate kabla hajakata chuma, na ni nani atakayelikagua. Kwa sasa kijana huyo huzungushwa, mwisho huamua kuliendesha usiku.

Gari la chini ya mwembe bado linaweza kuokolewa. Injini ile ya silinda sita haikosi mnunuzi, kwani Mark II zingali zinatembea mjini. Wiki iliyopita tulikwenda na futi kamba tukapima nafasi iliyo nyuma ya viti, naye kijana mwenyewe akishika upande wa pili. Injini ya IST inaingia.