Pakeji Sawa, Lakini Orodha ya Watu Wetu Nani Anaandika?

Matokeo ya KCSE yakishatoka, wimbo ni mmoja kila boma: "Badala ya kukaa tu hapa, si uende usome pakeji." Na mtu anaenda. Mbuzi wanapelekwa soko ya Oldonyiro, unapanda gari mpaka Isiolo mjini, unatafuta shangazi wa kukulaza, na baada ya miezi michache unarudi Kipsing na cheti cha kompyuta ndani ya bahasha ya kaki.

Wasee wa TikTok wanasema pakeji ni kitu ya zamani, eti siku hizi AI inafanya kila kitu. Mimi sikubaliani nao. Pakeji haijapitwa na wakati. Shida yake ni kwamba tunaisoma kwa majina ya watu ambao hawapo.

Kama hujaisoma, inaenda hivi. Kwa Word unaandika barua kwa meneja wa kampuni ambayo haipo. Kwa Excel unapiga hesabu ya mishahara ya wafanyakazi kumi wa kubuni. PowerPoint unaweka slaidi zenye rangi. Access mnaipitia mbio mbio, halafu intaneti na barua pepe, mtihani, cheti. Mimi nilisoma hivyo hivyo. Mwalimu alikuwa mpoa, mashine zilikuwa zinawaka, sina neno. Lakini hakuna siku hata moja tuliulizwa: kwenu kuna orodha gani inangoja mtu wa kuitengeneza?

Kwetu Kipsing iko moja, na ni kubwa kuliko mshahara wa mtu yeyote. Ni orodha ya wenye ardhi.

Tulia kidogo, hii si siasa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema jamii ikitaka ardhi yake isajiliwe, lazima ipeleke, pamoja na mambo mengine, orodha ya wanajamii wake. Wanajamii wanakutana, wanachagua kamati ya watu kati ya 7 na 15, na kunakuwa na rejista ya nani ni nani. Kabla ya hapo, ardhi inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yenu. Hata ikichukuliwa kwa mradi na fidia ilipwe, hizo pesa kaunti ndiyo inazishika kwa niaba yenu hadi msajiliwe.

Na usiniambie miradi ni ya watu wa mbali. LAPSSET ilizinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, na kwenye mipango yake kuna mji wa mapumziko wa Isiolo. Umepangiwa wapi? Kipsing Gap. Jina letu liko kwenye ramani za watu wakubwa tangu wengine wenu mkiwa darasa la kwanza.

Sasa angalia vile Excel inaingia hapa. Sheria inasema jamii haiwezi kuuza au kuachilia ardhi yake bila kuungwa mkono na angalau theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa. Rudia hilo neno la mwisho: waliosajiliwa. Haikusema wanaoishi hapo. Haikusema waliozaliwa hapo. Ni walio kwenye orodha.

Tupige hesabu ya mfano tu. Tuseme jamii ina watu wazima 1,200. Theluthi mbili ni 800. Lakini siku ya kuandika majina, vijana 300 wako fora na ng'ombe kwa sababu ni kiangazi, na hakuna aliyewakumbuka. Orodha inasoma 900, na theluthi mbili inakuwa 600. Watu 200 wamepunguzwa kwenye kura bila mtu kupiga kelele, bila rungu, bila korti. Mstari tu haukuandikwa.

Geuza upande wa pili. Orodha iko na majina ya marehemu, na watu walioandikwa mara mbili, jumla 150. Sasa inasoma 1,350, na mnahitaji 900. Hata uamuzi mzuri utakwama, kwa sababu marehemu hawaji mkutanoni. Mbaya zaidi, kuna siku mtu atatia sahihi kwa niaba ya marehemu, na nyinyi hamtajua.

Mtu aliyesoma pakeji vizuri anaona haya mambo kwa nusu saa. Unaweka kolamu: jina la kitambulisho, jina la nyumbani, mwaka wa kuzaliwa, mwanamke au mwanaume, boma, tarehe ya kuandikwa. Unapanga kwa boma, unaona boma ambayo haina mwanamke hata mmoja, na unauliza mbona. Maanake sheria hiyo hiyo inasema anayeolewa kwenye jamii anakuwa mwanajamii. COUNTIF inakuonyesha namba gani ya kitambulisho imejirudia. Mwaka wa kuzaliwa unakuambia nani ametimiza miaka 18 tangu mara ya mwisho. Hizo zote ziko kwenye kozi! Tulifundishwa. Tulizifanyia mazoezi kwa wafanyakazi wa kubuni, ndio maana tumezisahau.

Na wewe wa AI, nakusikia. Ndio, itakuandikia fomula. Lakini haijui kwamba nyanya fulani ana jina moja kwa kitambulisho na jina lingine ambalo kila mtu anamwita. Haijui kwamba hawa wawili wenye jina sawa ni binamu, si mtu mmoja. Ukibonyeza ile sehemu ya kufuta yaliyojirudia bila kuuliza, umemfuta binadamu. Hapo panahitaji mtu anayejua Excel na pia anajua boma. Mtu wa aina hiyo hatoki Nairobi.

Kuna wazee watasema daftari inatosha, imetufikisha hapa. Ni kweli, na daftari isitupwe, kwa sababu haiishi chaji. Ila daftari ikiwa moja, anayeiweka chini ya godoro ndiye mwenye jamii. Mkiwa na daftari, na faili, na nakala iliyochapishwa ikasomwa kwa sauti mbele ya mkutano, hakuna mtu anaweza kupunguza watu usiku.

Kitu kingine ambacho hatufundishwi: siri. Namba za vitambulisho vya watu si za kutupwa kwenye grupu ya WhatsApp. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Weka nenosiri kwa faili, na jamii ikubaliane nani analo. Nakala ya kusomwa mkutanoni haihitaji namba, inahitaji majina tu.

Kwa hivyo sisemi usitafute cheti. Ofisi zinakiuliza, na njaa haingoji falsafa. Nasema mambo matatu. Moja, kama uko kwenye hiyo kozi sasa, mwambie mwalimu kwa heshima: "Mwalimu, naomba zoezi langu niunde rejista badala ya mishahara." Fomula ni zile zile. Mbili, kama ulishamaliza na huna laptopu, usijifiche hapo. Google Sheets inaingia kwa simu, na LibreOffice ni ya bure kwa kompyuta yoyote, hata ile ya saiba. Anza na kitu kidogo, orodha ya chama cha mama au zamu za kunywesha mifugo. Tatu, nyinyi wenye vyuo, na wazazi mnaolipa: mtihani wa mwisho uwe mwanafunzi alete jedwali moja la kweli kutoka kwao, watu wa kwao walikague, waseme liko sawa.

Mzazi akiuza mbuzi watatu anunue karatasi yenye muhuri, amenunua karatasi. Akiuza watatu na arudishiwe mtoto anayeweza kusimama mkutanoni akasema "wazee, hapa tumeacha watu 300," hiyo familia haijapoteza mbuzi hata mmoja.

Ukiwa na cheti na umefika hapa chini, nina swali moja tu. Orodha ya kwenu iko kwa nani saa hii, na mara ya mwisho uliiona lini?