Mbuzi anunuliwe kabla hajakonda

Tangu mwishoni mwa 2020, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, na nchi ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Ng'ombe hutegemea nyasi. Zikiisha, naye kaisha. Mbuzi huinuka kwa miguu ya nyuma, akaegemea mgunga na kuchuma majani ambayo ng'ombe hayafikii. Hubeba mimba miezi mitano, ng'ombe tisa, na huweza kuzaa pacha. Ndiyo maana wafugaji wengi wa Marsabit na Samburu wameegemea mbuzi na ngamia. Kwangu mimi, hata hivyo, tegemeo kubwa liko mnadani: anayetaka unga na karo huuza beberu mmoja, na majike wakabaki zizini. Ng'ombe hauzwi robo.

Wapo wanaomlaumu mbuzi kwa kuleta jangwa. Kweli anakula miche. Lakini kundi linalohamahama huacha kichaka kikachipua tena. Uharibifu huja linapozunguka kisima kilekile mwaka mzima kwa sababu njia za kuhamia zimezibwa na mashamba na nyua. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mbuzi naye hufa. Aliyedhoofika kwa njaa huweza kuuawa na baridi ya mvua ya kwanza, ile iliyosubiriwa kwa dua. Halafu kuna sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008, ambayo huweza kufyeka kundi zima. Hapo ndipo aliyeuza ng'ombe wake wote anunue mbuzi anapojikuta mikono mitupu. Basi mbuzi peke yake si kinga, ila udhaifu wake unatibika: chanjo moja ya sotoka hukinga kwa takriban miaka mitatu.

Kinachokera ni majira ya msaada. Ununuzi wa dharura mara nyingi huanza wanyama wakiwa mifupa, wakati ambapo hata mwenyewe anaona haya kuwapeleka sokoni. Bima ya mifugo iliyoanzishwa Marsabit mwaka 2010 hupima ukijani wa malisho kwa satelaiti, kwa hiyo dalili za ukame huonekana mapema. Serikali za kaunti zizitumie hizo kuchanja na kununua mabeberu wangali wanene. Ziweke na mizani mnadani, kwa sababu leo dalali humshika mbuzi kiuno, akatikisa kichwa, akataja bei anayoitaka yeye.