Ukurasa wa mbele na binti yetu



Wengi wenu mmetuuliza ni nani anayetengeneza ukurasa wa mbele wa kijigazeti chetu. Wengine mlidhani tunautuma Lubumbashi. Hapana, ni mtoto wa mwenzetu mmoja, mwanafunzi wa hapa hapa Kalemie. Ameomba tusiandike jina lake, lakini amekubali tueleze namna alivyojifunza kazi hiyo, maana na sisi tulikosea njiani.

Ukurasa wake wa kwanza tuliuharibu sisi. Tulitaka picha za wanakamati wote kumi na mmoja, maua pembeni, ziwa nyuma, na habari zote zitajwe. Mtoto hakuweza kuwakatalia mama zake. Kwenye ordinatere ukurasa uling'aa. Kwenye fotokopi ulitoka mweusi tii. Mama mwekahazina alijitafuta, hakujiona.

Sisi tulicheka, yeye hakucheka. Alirudi kwa kijana wa fotokopi akamwomba amweleze. Akajua kwamba mashini ile haioni rangi, inaona mwangaza na giza tu. Kikwembe chekundu na ziwa la buluu, kama vina giza sawa, vyote vinatoka kijivu kimoja. Tangu siku hiyo, kabla ya kupanga lolote, anageuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Wala hatupigi tena foto tukilipa ziwa mgongo wakati wa jua kali, maana uso unabaki kivuli. Anatusimamisha mlangoni, ndani kidogo, tukitazama nje. Sasa nyuso zetu zinaonekana, hata mikunjo.

Somo la pili alilipata sokoni. Aliweka karatasi juu ya meza ya mama mmoja muuza ndakala, akarudi nyuma hatua tano ili aone kama maandishi yanasomeka. Yule mama akamwambia, "Mwanangu, mimi sikusoma. Hii inasema nini?" Hakuwa na jibu. Kati yetu wako ambao ukurasa wa mbele ndio pekee wanaousoma wenyewe, mengine wanasomewa na watoto jioni. Tangu hapo anaweka picha moja, maneno machache makubwa, na nafasi tupu pembeni. Tulipomwuliza kwa nini anaacha karatasi bure, alijibu, "Mama, mkitaka wote kumi na mmoja muonekane, hakuna atakayeonekana." Wengine wetu tuliona ni kukosa adabu. Leo tunakubali alisema kweli.

Hata wakubwa wa kazi hii walianzia barabarani. Chéri Samba, ambaye michoro yake inajulikana Ulaya na Marekani, alianza kwa kuchora mabango ya maduka Kinshasa. Baadaye akatia maandishi ndani ya michoro yake, ili anayepita asimame asome.

Lakini somo zito lilikuwa la maji. Mnakumbuka mwaka 2024 ziwa lilivyopanda na kuingia katika nyumba za kandokando. Tulipoandika juu ya familia zilizohama, binti alileta foto ya mama ameketi juu ya godoro, mtoto mapajani, machozi usoni. Ilikuwa nzuri kwa yote aliyojifunza. Tulinyamaza sote. Ndipo mzee wetu mmoja akauliza, "Huyu mama anajua kwamba uso wake utatembea Kalemie nzima?"

Hakumwuliza. Alirudi kumwuliza siku ya pili, na yule mama alikataa. Hakutaka watoto wake wachekwe shuleni. Tunaona haya kuandika hili, lakini baadhi yetu tulisema foto itumike tu, karatasi zimekwisha kununuliwa. Binti akasema hapana. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutukatalia.

Usiku ule alichora kwa kalamu ya risasi. Mlango uliofungwa, alama ya maji katikati ya mlango, viatu vya mtoto juu ya kizingiti. Hapakuwa na uso hata mmoja. Asubuhi alipita tena kwa mama wa ndakala, hakumwambia neno. Mama alitazama, akaweka mkono kiunoni pake, akasema, "Kwetu yalifika hapa."

Sasa yanabaki ya kwetu. Muda wote huo tulimlipa kwa asante na soda. Ordinatere ni ya kuazima, kuichajisha ni makuta yake, na minervali haingoji. Kamati imeamua kwamba kila ukurasa ulipwe kabla ya kwenda fotokopi, na malipo yaandikwe katika daftari. Ni kidogo, lakini ni malipo. Wako wanaosema mtoto wa nyumbani halipwi. Tunawauliza, fundi anayewashonea vikwembe, yeye si mtoto wa mtu?

Jumamosi binti atawapokea wasichana wawili wanaotaka kujifunza. Waje na kalamu ya risasi na karatasi, mambo ya ordinatere yatafuata. Sisi wazazi tutawasindikiza hadi mlangoni, kisha tuwaachie kazi yao.