PIKIPIKI ZA USIKU ZINABEBA NINI?



Msimu wa kahawa umeingia, na kelele za pikipiki usiku zimeanza tena. Tunazisikia sote. Zinapita nyuma ya vibanja, taa zimezimwa, zinashuka bondeni. Mgonjwa hapelekwi hospitali bila taa, jamani. Hiyo ni kahawa, na inakwenda Mutukula.

Tuseme ukweli juu ya safari hiyo, maana vijana wetu wanaambiwa ni kazi nyepesi. Toka Muleba mpaka mjini Bukoba ni kilomita 70 hivi kwa lami. Toka Bukoba mpaka mpakani ni kama 80 nyingine. Lakini mwenye magendo hapiti lami, kwa kuwa lami ina vizuizi. Yeye anazunguka kwa njia za ng'ombe, anakatiza rweya, anaingia kwenye matope ya bonde la Ngono. Halafu bado mto Kagera uko mbele, na mto hauzungukwi. Daraja ni la Kyaka, lile lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, na hapo hakuna pa kujificha. Gunia mbili zimefungwa nyuma kwa mipira, usukani unakuwa mwepesi, breki haishiki kwenye utelezi. Mvua ikimkuta hana pa kujikinga, maana hawezi kubisha hodi kwa mtu. Akianguka, nani atamwokota? Hata mwenzake anaogopa kupiga kelele.

Sisi hatusemi vijana hawa ni wezi. Tunawajua, tumewalea. Pikipiki zenyewe nyingi ni za mkataba: kila siku hesabu ya mwenye chombo itoke, abiria wawepo wasiwepo. Mtu akija na malipo ya wiki nzima kwa usiku mmoja, kijana anasema, "Mla ni mla leo." Lakini tuulizane, kahawa ni ya nani? Mwenye kahawa amelala nyumbani kwake. Kijana akishikwa, pikipiki inazuiliwa, kesi ni yake, na deni la mkataba linamwangukia mzazi. Mlanguzi hata jina lake halitajwi.

Na mlanguzi kahawa aliipataje? Hapa ndipo wazazi tusikwepe. Ni ile butura. Mti ungali na maua, mtoto anadaiwa shuleni au mama kalazwa, basi anakuja bwana na fedha kidogo mkononi, anapewa mavuno yote ya miti ile. Kahawa ikiiva siyo yetu tena. Tunachuma sisi, tunaanika sisi, tunamfungia magunia, halafu mtoto wetu huyo huyo anambebea usiku. Jasho letu, hatari yetu, faida yake. Huo ni unyonyaji, na tunausaidia kwa mikono yetu wenyewe.

Wapo wanaosema dawa ni askari tu. Askari wafanye kazi yao, ni sawa. Lakini tukumbuke yaliyopita. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda dunia nzima. Mwaka uliofuata, 1976, vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchini, na chama chetu cha Bukoba kilichoanza mwaka 1950 kikaondoka navyo. Bei ya nje iko juu, mkulima hana chombo chake. Wazee wanajua magendo yalivyoshamiri. Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka 1983 serikali ikapiga vita wahujumu uchumi nchi nzima, watu wakakamatwa. Magendo hayakufa. Mwaka 2024 bei ya robusta ilipanda tena duniani baada ya ukame wa Vietnam na Brazil, na kila bei ikipanda mlanguzi anatafuta kijana mwenye pikipiki. Askari anaziba njia moja, mwenye shida ya fedha anafungua nyingine.

Maoni yetu ni haya.

Kwanza, mwanachama alipwe mapema. Mizani ikae mahali pa wazi, kila mtu asome uzito wake, apewe stakabadhi palepale. Mtu aliyefikisha kahawa ghalani akangoja malipo wiki na wiki, hatuwezi kumhubiria uzalendo akatusikia.

Pili, chama kiwe na mfuko wa kukopeshana kwa ajili ya ada na matibabu, hata tukianza na kidogo. Fedha hizo zitoke wakati wa maua, maana ndiyo saa ya mlanguzi. Butura haiondoki kwa matangazo.

Tatu, vijana wapewe kazi ya mchana. Leo kahawa kutoka vibanjani hadi ghalani inabebwa kichwani na akina mama na watoto. Kwa nini pikipiki za kijiji zisiibebe, kwa nauli iliyopangwa na mkutano mkuu? Gunia moja kwa safari, kofia ngumu kichwani, na jina la dereva kwenye daftari la karani. Nauli itakuwa ndogo kuliko ya Mutukula, hatudanganyi. Lakini ataipata kila siku ya msimu, na atalala kwake. Upande wetu, tutoe siku moja ya kujitolea tuzibue mitaro ya njia ya ghalani, maana kwa hali yake sasa mvua ikinyesha hata baiskeli haipiti.

Jambo hili tunaliomba liingie kwenye mkutano wa wanachama unaokuja. Vijana wenye pikipiki waje, wasikae nje wakichungulia dirishani. Waseme wenyewe nauli wanayoiona ni ya haki, tubishane, tukubaliane, iandikwe. Na mzazi ambaye tayari kashapokea fedha za maua aje pia aseme, asione haya. Hayuko peke yake, na chama ni cha watu wenye shida, siyo cha waliomaliza shida.

Katibu wa Tawi