Prizi zipimwe kabla hazijapakiwa



Mwezi uliopita, katika parseli tunamoishi kule Mangobo, umeme ulirudi saa nane za usiku. Kila mtu hapa anajua vile inakuwaga. Umeme ukirudi, vyote vinawashwa mara moja: friza, resho, pasi, simu za nyumba nzima, juu hakuna anayejua kama saa kumi utakuwa bado uko. Kwa jirani yetu, mama mmoja anayeuzisha samaki wa friza, prizi ilianza kunuka. Plastiki ikayeyuka, halafu pazia likashika moto. Kijana mmoja alikimbia kukata umeme kwenye konteri, sisi wengine tukauzima moto kwa mchanga. Hakuna aliyekufa. Mama alipoteza friza na samaki wa wiki nzima, na mtoto wake wa miaka sita amebaki na kovu kwenye mkono, pale tone la plastiki lilipomwangukia.

Kesho yake nilimsindikiza sokoni kununua prizi nyingine. Muuzaji akatutolea ileile. Sanduku lilelile, rangi ileile, na herufi mbili CE nyuma. Tukazunguka meza nne, zote zilikuwa na hiyo. Na mimi niliijua vizuri, kwa sababu mwaka jana nilishusha makatoni yake kutoka kwenye kamyo, kwa malipo ya siku. Nina licence ya uchumi, kazi sina, basi kubeba nabeba. Sikujiuliza hata mara moja ndani mna nini.

Kuna wenzetu watasema harakati ya vijana ina mambo makubwa kuliko prizi: kituo cha Tshopo kilichojengwa miaka ya 1950, turbini zake zinazolala, mitaa inayokaa gizani. Ni kweli, na hayo tunayasema na tutaendelea kuyasema. Lakini turbini iko mikononi mwa Leta na SNEL. Prizi inanunuliwa na mtu wa hapa, kwa makuta ya watu wa hapa, na anayeamua aina gani iingie Kisangani mara nyingi ni tantini wa mtu, mjomba wa mtu, yaya wa mtu. Watu tunaosalimiana nao.

Tuanze na kitu chenyewe. Ndani ya prizi mna vipande viwili vya metali vinavyobana meno ya fishi. Katika prizi nzuri vipande hivyo ni vya shaba ya manjano, vizito kidogo, vinabana mpaka unavuta kwa nguvu. Katika prizi mbovu ni bati la chuma lililopakwa rangi ya shaba. Baada ya miezi michache bati linalegea, fishi inacheza, cheche zinaruka, na pale metali hazishikani vizuri ndipo joto linazaliwa. Resho ya wati 2000 kwenye umeme wa volti 220 inavuta ampea tisa hivi. Ampea tisa kupitia bati lililolegea, saa nzima, unga wa fufu ukiwa jikoni: hapo hauhitaji mchawi.

Kipimo cha dunia nzima kwa prizi za nyumbani kinaitwa IEC 60884-1. Ndani yake prizi inapitishwa umeme mwingi kuliko ule ulioandikwa juu yake, na joto la pale nyaya zinapofungwa halipaswi kupanda zaidi ya nyuzi 45. Plastiki inayoshika metali inaguswa na waya uliochomwa mpaka nyuzi 850, na ikiwaka, moto lazima ujizime wenyewe ndani ya sekunde 30 baada ya waya kuondolewa. Soma tena hiyo ya mwisho, halafu fikiria lile pazia la Mangobo.

Sasa herufi CE. Hapa sisi wasomi tumedanganyana miaka mingi. Wengine wanasema CE ya bandia maana yake ni China Export. Hiyo ni hadithi ya barabarani. Ukweli ni mbaya zaidi. CE ni alama ambayo mtengenezaji mara nyingi anajiwekea mwenyewe, ni tamko lake kwamba bidhaa inafuata sheria za Ulaya. Na sheria ya Ulaya ya vyombo vya umeme mdogo, ile ya 2014/35, imetoa prizi na fishi za nyumbani nje ya orodha yake. Zinaongozwa na kanuni za kila nchi. Kwa hiyo CE nyuma ya prizi ya kawaida ya ukutani haikuambii kitu. Alama zenye maabara nyuma yake ni zingine: NF ya Ufaransa, VDE ya Ujerumani, CEBEC ya Ubelgiji, KEMA-KEUR ya Uholanzi, na CCC ya China yenyewe. Nao Wachina si wajinga: prizi inayouzwa kwao lazima iwe na CCC. Ile inayotengenezwa kwa ajili ya kupelekwa nje hailazimiki. Kiwanda kimoja kinaweza kuwa na milango miwili, na wewe ukapewa wa nyuma.

Kuna pia ile prizi ya matundu mapana, inayopokea fishi zote. Inapendwa sana hapa, na sababu inaeleweka. Nyumba za zamani za mjini zina prizi za Kibelgiji, zenye ule msumari wa ardhi unaotokea nje. Bidhaa zinazopitia Uganda na Dubai zinakuja na fishi za Kiingereza za meno matatu bapa. Mtu anataka prizi moja ya kumaliza ugomvi. Lakini tundu la kupokea kila fishi haliwezi kubana vizuri fishi yoyote, na fishi ya Kibelgiji ikiingia humo, ardhi yake haigusi kitu. Friza ikipata hitilafu, umeme unakaa kwenye mlango wake ukimsubiri mtoto aufungue.

Mwezi huu tantini yangu, anayeuzisha vyombo vya umeme, alikuwa anatayarisha komandi Guangzhou. Yeye hasomi Kiingereza, basi akanipa simu nimsaidie na WhatsApp. Nilimwomba muuzaji wa kule vyeti vya prizi. Akatuma karatasi tatu, zote na mihuri mizuri. Ya kwanza ilikuwa cheti cha balbu. Ya pili ilikuwa ya prizi, lakini jina la kiwanda halikuwa lake. Ya tatu ilikuwa na nambari. Niliitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya maabara iliyotajwa, haikuwepo. Nilipomuuliza, akajibu kwamba kwa soko la Afrika hakuna lazima. Vile tu, bila haya.

Muuzaji wa pili alituma cheti cha CB, cha mfumo wa maabara uitwao IECEE. Vyeti hivi vinatafutwa bure kwenye intaneti. Nambari ilikuwepo, jina la kiwanda lilikuwa lilelile, modeli ileile, ampea 16, na IEC 60884-1 imeandikwa wazi. Bei ilikuwa karibu mara mbili.

Tantini akanicheka. “Mutoto yangu, weye ulisoma mingi. Batu banauliza bei, habaulizake karatasi. Nikileta ya bei kali, ule wa meza ya pembeni atauzisha, miye nitaangalia nzi.” Sikuwa na jibu la haraka, na sasa hivi pia sina jibu kamili. Mtu anayelipa kodi ya meza kila siku hawezi kubeba usalama wa mji mzima peke yake. Tulichofanya ni kidogo: aliongea na wauzaji wenzake wawili, wakaunganisha komandi, bei ikashuka kidogo, wakachukua makatoni kadhaa ya zile nzuri. Na zile mbovu? Alichukua pia. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na yeye anajua ninaandika.

Lakini tulijifunza pale nguvu iko. Wengi wanalipa kule asilimia 30 kwanza, na 70 mzigo ukiwa tayari. Mpaka ile 70 haijatoka, muuzaji anapokea simu yako hata usiku. Ikitoka, umekuwa mgeni. Kwa hiyo cheti kinaulizwa kabla ya ile 30, na nambari inatafutwa na wewe mwenyewe, usifungue njia aliyokutumia. Unaomba sampuli mbili, unasaini zote, moja ibaki kwako au kwa ndugu aliye kule. Na kabla ya kulipa 70, mtu afungue katoni tatu au nne, za katikati siyo za juu, alinganishe na sampuli. Wakongomani wanaosoma na kufanya biashara Guangzhou wapo. Kazi ya nusu siku, wapewe kitu. Baada ya kontena kufungwa hakuna tena la kufanya. Mzigo utapita Mombasa, Kampala, Kasindi, Beni, utashuka na RN4 kwa Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, ama utazungukia Matadi na kupanda mto kutoka Kinshasa kilomita zaidi ya 1700. Nani atairudisha prizi kutoka Kisangani mpaka China?

Na tusitegemee majirani watupimie. Kenya inadai mizigo yake ikaguliwe kule inakotoka tangu 2005, Tanzania tangu 2012, Uganda nayo ina mpango kama huo. Lakini mzigo wetu unapita kwao kama transiti. Si wao watakaoutumia.

Sisi tuna OCC. Ilianzishwa 1974, wakati huo ikiitwa OZAC, na kazi yake ni hiyo: kupima kama bidhaa inayoingia inafuata viwango. Mwaka 2006 ilipatia BIVAC, ya kundi la Bureau Veritas, kazi ya kukagua mizigo kabla ya kupakiwa kule nje. Mfanyabiashara analipa, na anaingiza malipo hayo katika bei, maana yake wewe na mimi tunalipa. Basi tuna haki ya kuuliza tulilipia nini. Prizi zinazofika Tshopo zilipimwa kwa kipimo gani? Na mizigo midogo inayochanganywa na ya watu kumi katika kontena moja, nani anafungua katoni zake? Tunaomba OCC ibandike ukutani, kwa ofisi yake ya hapa na kwa bandari, modeli za prizi, fishi na ralonji zilizokubaliwa na zilizokataliwa. Karatasi moja kwa mwezi inatosha. Muuzaji wa meza ya pembeni akikatazwa ile ya bati, tantini hataangalia nzi.

Kwa wewe unayenunua moja tu, chukua sumaku ya redio iliyokufa, ile tunaita lema, uende nayo sokoni. Skrubu zikishika, si neno, zinaweza kuwa za chuma. Lakini vile vipande vya ndani vinavyobana fishi vikishika sumaku, rudisha. Muuzaji atakasirika. Wauzaji wawili walinikasirikia wiki iliyopita. Wa tatu akaniomba nimwachie sumaku.

Barua yetu kwa ofisi ya OCC ya Tshopo iko tayari. Tutaipeleka Jumatatu, saa tatu asubuhi, kwa miguu, tukianzia mbele ya Posta kuu, Makiso. Hatuhitaji mabango. Kila anayekuja alete prizi iliyoungua ya kwao, iwe imefungwa kwenye sashe yenye jina la komini: Mangobo, Kabondo, Tshopo, Lubunga, zote. Wa ng’ambo ya Lubunga wanaokosa pesa ya kuvuka waandike leo, tutawangojea kwenye pirogi. Ile ya jirani yangu ninayo mimi.